Mkupuo Mmoja

Siku ya malipo Ngwali alirudi kutoka ghalani Wesha akiwa kimya, na Mwatum mkewe akajua kwamba pana jambo kabla mumewe hajavua kofia. Ngwali hakuwa mtu wa kuingia nyumbani kimya. Kwa kawaida alianza kuzungumza tangu uchochoroni, akamaliza habari yake akiwa tayari ameshanawa miguu. Siku ile alitoa fedha mfukoni, akaziweka juu ya mkeka, kisha akauegemea ukuta kama mtu aliyetoka safari ya mbali.

Mwatum alikuwa anasuka ukili. Mikono haikusimama, ila jicho lilishuka mkekani, likapanda, likashuka tena.

"Ndizo zote?" aliuliza.

"Ndizo zote. Nyengine zimekatwa kodi."

"Kodi ya nini?"

"Kodi ya likizo. Karani kasema ni amri ya serikali."

Mwatum aliijua kodi ya nyumba na ushuru wa karafuu, na alijua kwamba hata mchuuzi wa samaki sokoni hutozwa kitu kidogo. Lakini mtu kutozwa kwa sababu anakwenda kupumzika, hilo hakuwahi kulisikia. Alilirudia moyoni, akaliona halina sura ya kweli. Akamuuliza mumewe, taratibu, kama siku hizi serikali inamuuzia mtu pumziko lake. Ngwali akajibu kwamba yeye ni mchukuzi wa magunia na sheria hakuziandika yeye. Kisha akatoka kwenda kuoga, na fedha zikabaki pale pale mkekani, chache kuliko zilivyoahidiwa.

Zilikuwa zimeahidiwa kwa muda mrefu. Zamani kampuni ile ya ghalani ilikuwa ikiwalipa watu fedha za likizo kwa vipande: kipande mtu akiondoka, kipande akirudi, na mara nyingine kipande kilichobaki kikageuka kuwa maneno matupu. Chama cha wafanyakazi kikadai zilipwe mkupuo mmoja, zikiwa pamoja na mshahara wa mwezi, mkononi, kabla mtu hajatia mguu njiani. Mvutano ulichukua muda, watu wakatishia kugoma, mwisho kampuni ikakubali. Katibu wa tawi aliyelipigania jambo lile alikuwa Kificho, kaka yake Mwatum, tumbo moja. Siku ya ushindi wachukuzi walimbeba begani kutoka bandarini, na Mwatum alitembea nyuma na wanawake wenzake akipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Tangu siku ile mume na mke walikuwa wameshazipangia kazi fedha zenyewe. Mwatum alikuwa na mikarafuu yake Mgelema, urithi wa baba yake. Mumewe alimwomba waiweke rehani kwa Mzee Safari ili dada yake Ngwali aolewe kwa heshima. Mwatum alikubali kwa shingo upande, na dada mtu akaolewa kwa biriani na taarabu. Ahadi ilikuwa kwamba fedha za likizo zitaikomboa kabla karafuu za mwaka hazijakomaa. Zikikomaa rehani haijalipwa, mchumaji ni Mzee Safari na mwenye mikarafuu anatazama kwa macho.

Kwa hiyo kilichopungua pale mkekani hakikuwa kitu kidogo. Mwatum alikikusanya kilichopo, akakifunga kwenye pembe ya leso, akarudi kwenye ukili wake. Lakini kila alipopitisha ukindu alikuwa anaifikiria Mkoani, ambako mumewe alipelekwa mwaka uliopita kupakia meli, akakaa huko zaidi ya alivyosema, akarudi na shati ambalo Mwatum hakumnunulia.

*

Asubuhi yake alikwenda kwa Mize. Mize alikuwa mke wa Jecha, na Jecha na Ngwali walikuwa kundi moja la uchukuzi, wanaobebeshana magunia. Nyumba zao zilipakana, na wanawake wawili hawa walizoea kukaa kibaraza kimoja wakisuka na kuambiana mambo ambayo hawakuwaambia hata waume zao. Jecha naye alikuwa katika likizo.

Kabla hata hajapiga hodi Mwatum aliona mabati mapya yameegemezwa ukutani, yanang'aa mpaka yanaumiza macho. Mize alikuwa na furaha na hakuificha. Alisema makuti yamemchosha, kila masika wanalala wakihama pembe, na sasa Mungu amewafungulia. Mwatum akampongeza. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya dagaa, akauliza kama Jecha naye alikatwa kodi.

"Kodi gani?" Mize alisema. "Jecha kapewa zake zote. Hapakuguswa hata senti."

Mwatum alicheka kidogo, akasema labda yeye ndiye aliyesikia vibaya. Alipoaga, Mize alimfungia sukari kwenye karatasi akamtia mkononi. Zamani Mwatum angeipokea bila kufikiri, kwani walipeana sukari na chumvi kila siku. Leo aliiona kama sadaka. Aliichukua, na njiani ilimwelemea kuliko ndoo ya maji.

Mchana Ngwali alipoketi kula, mkewe alimwekea chakula na kumwambia kwamba Jecha amelipwa zote. Hakusema zaidi. Ngwali aliacha kutafuna. Alisema haiwezekani, wote wako daraja moja, mshahara mmoja, ghala moja.

"Basi mie naona mabati," Mwatum akasema. "Mabati hayasemi uongo. Zako zimekwenda wapi, Ngwali? Mkoani?"

Mumewe alikuwa mtu mpole, lakini kwenye shavu lake mshipa ulicheza. Akasukuma sahani, akanawa, akasema kwamba katika miaka yote ya ndoa yao hakuna mtu aliyewahi kumwita mwizi, na wa kwanza amekuwa mtu wa ndani ya nyumba yake. Akavaa kofia akatoka. Mwatum alibaki na wali uliopoa, akijiambia kwamba mtu asiye na kosa hasusi chakula.

*

Jioni ile ile habari ya Jecha ilikuwa imeshafika barazani kwa chama. Ngwali aliipeleka mwenyewe, kwa uchungu wa maneno ya mkewe, na pale kila aliyekuwa amekatwa aliipokea kama mtu aliyekuwa akiisubiri. Ilikuwa miaka ile ya siasa, watu wamegawanyika hata katika kununua chumvi: huyu haingii duka la yule, na yule haendi maziko ya huyu. Kumwona mtu ana jambo la siri ilikuwa rahisi kuliko kumwona hana. Watu wakaulizana kwa nini Jecha peke yake. Mmoja akakumbuka kwamba alimwona akitoka ofisini kwa karani siku ambayo si ya malipo. Mwengine akasema huyo ndiye aliyekuwa akipeleka maneno ya chama kwa meneja wakati wa mvutano. Kabla ya sala ya Isha Jecha alikuwa ameshaitwa kibaraka wa kampuni.

Likizo zilipokwisha na watu wakarudi kazini, hakuna aliyekubali kubebeshana naye gunia. Alisimama peke yake mbele ya lundo, anamngoja mwenzake, na mwenzake anapita kama hajamwona. Ngwali pia alipita. Jecha hakuuliza. Aliinama, akalikokota gunia mpaka gotini, akalitupa begani peke yake, na watu wakatazama pembeni. Akitoa salamu, ilijibiwa na mmoja tu, tena kwa sauti ya chini.

Kisimani nako wanawake walijifunza kutomwona Mize. Akifika, zamu inakatika. Ndoo yake inabaki nyuma mpaka wa mwisho ajaze, na kamba inaachwa imelowa chini kwenye tope badala ya kutiwa mkononi mwake. Mwatum aliyaona haya. Mwanzoni alijiambia kwamba pengine wanastahili. Kisha siku moja Mize alimtazama, bila hasira, ni kama mtu anayeuliza njia, na Mwatum akajikuta anainama kurekebisha kata ya kujitwikia ambayo haikuwa imepinda.

*

Siku zilikuwa zinakwenda na mikarafuu haimsubiri mtu. Ngwali na mkewe, ambao sasa walizungumza kwa shida, walikwenda pamoja kwa Mzee Safari kumwomba apokee kilichopo na awape muda kwa kilichobaki. Mzee Safari aliwakaribisha vizuri. Aliagiza kahawa, akamuuliza Mwatum hali ya watoto mmoja mmoja kwa majina. Ngwali alieleza habari ya kodi, na alivyoeleza ndivyo Mwatum alivyoisikia ikizidi kuwa ya uongo, mpaka yeye mwenyewe akaona haya.

Mzee Safari alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba yeye hana ugomvi na mtu, ila anasikia watu wa ghalani mwaka huu wamelipwa fedha nzuri.

"Jecha kaezeka bati," alisema. "Mnafanya kazi moja. Mie mnataka niwaachie mkomboe matawi, mashina yabaki kwangu?"

Walikunywa kahawa, kwa sababu kuiacha ingekuwa aibu zaidi, wakashukuru, wakaondoka. Njiani Ngwali alitangulia na Mwatum akafuata nyuma, na kwa mara ya kwanza alimwonea huruma mumewe kwa jinsi kanzu ilivyomkaa mabegani. Lakini ile Mkoani haikumtoka moyoni. Alimhurumia na huku anamshuku, na vitu viwili hivi vilikaa pamoja bila kugombana.

*

Kificho alikuja kumtazama dada yake siku ya Ijumaa baada ya sala, kama ilivyokuwa desturi yake. Ngwali hakuwepo. Mwatum alimwandalia kaka yake, akamwacha ale, kisha akakaa mbele yake na kumwambia kwamba anataka kujua jambo moja, kwa haki ya maziwa waliyonyonya: hii kodi ipo au haipo?

Kificho alisema ipo. Akataka kuishia hapo, lakini dada mtu hakuondoka. Akamuuliza, kama ipo, Jecha amepona vipi. Kificho alijifuta mikono polepole. Akatazama mlangoni.

Hatimaye alieleza. Mshahara wa mchukuzi ni mdogo, haufiki pale ambapo serikali inaanza kukata kodi. Na fedha za likizo peke yake ni ndogo vile vile. Lakini vikitiwa pamoja katika malipo ya siku moja, mtu anaonekana kwenye hesabu kama mwenye mshahara mkubwa, na hapo anakatwa. Mwaka ulikuwa umetimia tangu Jecha afiwe na mama mkwe wake, mama yake Mize, kule Micheweni. Akaenda kwa karani kabla ya mwisho wa mwezi, akaomba apewe zake za likizo mapema ili wakamsomee khitma. Akapewa zile peke yake. Mshahara akaupokea baadaye, peke yake. Hakuna kilichovuka mpaka.

Mwatum aliifuata habari ile mpaka mwisho, kama mtu anayefuata ukindu mmoja kwenye ukili.

"Kwa hiyo lililowakata watu," alisema, "ni ule mkupuo."

"Ni mkupuo."

"Ulioudai weye."

Kificho alikuwa mtu wa kimo na sauti, anaposimama barazani watu hunyamaza. Pale mkekani kwa dada yake alionekana mdogo.

Mwatum akamuuliza alijua tangu lini. Akasema tangu siku ile ile ya malipo, karani alimwonyesha. Alikuwa ameshaandika kwa kampuni kuomba malipo yatenganishwe, na kwa serikali kuomba kilichokatwa kirudi, na alikuwa na hakika kwamba vitapatikana. Alichokitaka ni muda tu. Watu wakijua sasa kwamba ushindi wao ndio uliowala, chama kitavunjika. Kampuni itacheka, na upande ule mwengine wa siasa utaingia ghalani na kugawa watu. Aliyasema haya vizuri, kama hotuba, na huenda mengi katika hayo yalikuwa kweli.

"Na Jecha?"

"Jecha atasahaulika. Mambo yakitengenea watu watasahau."

"Mize anachota maji ya tope, kaka."

Hapo Kificho aliinua uso. "Jina la Jecha sikulitoa mimi," alisema. "Lilitoka humu ndani. Mimi nimelikuta barazani, nikaliacha tu."

Akasimama, akatafuta viatu vyake. Mlangoni alimwomba dada yake, kwa sauti laini zaidi, kwamba haya ni mambo ya wanaume na yaishie pale. Mwatum hakumwahidi, wala hakumkatalia.

Alimwambia mumewe aliporudi. Alitarajia Ngwali atafurahi, kwani jina lake limesafishwa. Ngwali hakufurahi. Alisikiliza, akauliza swali moja mbili. Mwatum akamwambia aende barazani akaseme. Mumewe akatikisa kichwa.

"Juzi umeniita mwizi," alisema. "Leo unataka nikamwite kaka yako mwongo, mbele ya watu niliowaletea mimi mwenyewe jina la Jecha. Nikimaliza nitakaa wapi, Mwatum?"

Hakulisema kwa ukali. Lilikuwa swali la kweli, na wote wawili walijua kwamba anaogopa kumtazama Jecha usoni kuliko anavyomwogopa Kificho.

*

Mwatum alikaa nalo siku mbili tatu. Alipika, alisuka, alikwenda Mgelema kuitazama mikarafuu, akaona tawi baada ya tawi vichala vimeanza kuiva rangi. Alijua kwamba kusema au kutosema hakutairudisha. Hilo ndilo lililomsumbua zaidi, kwamba hakukuwa na faida yoyote kwake katika kusema. Kila upande aliotazama aliona hasara tu: kaka yake, heshima ya nyumba, hata huo urafiki wenyewe.

Asubuhi moja kisimani wanawake walikuwa wengi. Mize alikuja, na kama kawaida zamu ikakatika. Mtu akajifanya anasuuza ndoo ambayo ilikuwa safi. Kamba ikaachwa chini. Mwatum aliweka ndoo yake, akaiokota kamba, akaipangusa tope kwa leso yake, akamtia Mize mkononi. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida ambayo kila mtu aliisikia, kwamba Jecha hakupendelewa na mtu. Alizichukua fedha zake mapema kwa ajili ya khitma ya mama mkwe, na ndiyo maana hazikukatwa. Waliokatwa wamekatwa kwa sababu ya kulipwa mkupuo mmoja, na aliyeutaka mkupuo ni chama, na aliyekisemea chama ni kaka yake, Kificho, ambaye ameyajua haya tangu siku ya kwanza.

"Na mie ndiye niliyelianzisha jina la Jecha," akamalizia. "Nilimshuku mume wangu, nikatafuta wa kumlinganisha naye."

Ndoo ilisikika ikigonga ukuta wa kisima ikishuka. Mize aliteka maji yake, akajitwika, akaondoka bila kumtazama.

Habari ile ilipita njia ile ile ya kwanza, ila safari hii ilikwenda kutoka kwa wanawake kwenda kwa wanaume, na kufika adhuhuri ilikuwa ghalani. Watu walimwita Kificho barazani. Inasemekana alikana mwanzo. Kisha Ngwali, ambaye hakutarajiwa kufungua mdomo, alisimama nyuma akamuuliza Jecha alipokea siku gani, na wao walipokea siku gani. Jecha akajibu. Wachukuzi hawakuhitaji karani kuwafasiria. Kificho aliuacha ukatibu wiki ile, na hakukanyaga tena kwa dada yake. Wakikutana msibani alimwamkia mumewe na kupita.

Mambo aliyoyaandika, hata hivyo, yalizaa. Kampuni ilikubali kutenganisha malipo, na baada ya msimu serikali ilirudisha kilichokatwa, chote, kwa kila mtu. Ngwali alizileta nyumbani. Kwa wakati ule Mzee Safari alikuwa ameshachuma, ameshaanika na ameshauza, na mwaka ule karafuu zilibeba kuliko miaka mingi ya nyuma. Mikarafuu ilikombolewa ikiwa matawi matupu. Mzee Safari alizipokea fedha kwa adabu na kuwaagizia kahawa.

*

Wachukuzi walirudi kubebeshana na Jecha. Walifanya hivyo bila kuombana radhi, kama watu waliotoka kwenye homa. Yeye alipokea, akabeba, akatua, na kazi ikaisha. Ila alianza kula chakula chake peke yake nyuma ya ghala, na hakuna aliyemfuata huko.

Ramadhani ilipokaribia Mwatum alikwenda kwa Mize. Walikuwa wakiamkiana njiani, walikuwa wakipishana kisimani kwa upole, lakini tangu asubuhi ile hawakuwa wamekaa. Alipiga hodi, akakaribishwa ndani chini ya bati jipya, akatandikiwa mkeka mzuri, ule wa wageni. Mize alimletea maji ya kunywa kwenye bilauri juu ya kisahani. Alimwita Bi Mwatum.

Mwatum alisema alilolijia. Alisema mwezi mtukufu unaingia na yeye hawezi kufunga na kitu kile moyoni. Alimdhulumu kwa ulimi wake, yeye na mumewe, na anaomba radhi. Aliyasema akiwa ameinama. Mize alimsikiliza mpaka akamaliza, akamshika bega akamnyanyua, na sura yake haikuwa na kinyongo.

"Nimekusamehe," alisema. "Duniani na akhera, wallahi nimekusamehe. Mie na Jecha sote."

Mwatum alishusha pumzi, machozi yakamlenga. Alitaka kusema kitu kuhusu zamani, kuhusu kile kibaraza chao, kwamba kesho atakuja na ukili wake. Mkono wa Mize ulikuwa bado begani mwake.

"Lakini nikipata kitu," Mize akasema taratibu, "sitakwambia tena."

Nje palipita mtu akatoa salamu, na wote wawili wakaijibu kwa pamoja. Kisha Mize akamsogezea bilauri, akamkumbusha kwamba bado hajanywa maji yake.